Mikono Themanini ya Kushoto

Kitanda kiwekeni hapahapa, ubavu wangu uguse meza. Sogezeni kidogo tena. Basi, inatosha. Na wewe mwanangu acha kunifunika-funika, nimeshafunikwa vya kutosha. Kuna jambo nimelifunika mwenyewe kwa miaka ishirini na miwili, na leo nimekuja kulifunua, kwa hiyo hilo blanketi nalo lipumzike.

Sikilizeni, wanangu watatu, na ninyi mafundi wangu sikilizeni pia, maana hamkuitwa kwa ajili ya sala ya asubuhi peke yake. Najua mmenong'onezana tangu jana. Mtu aliye katika hali yangu hupelekwa hospitali, au huletewa mchungaji nyumbani; mgonjwa wa kuomba abebwe na kitanda chake hadi kiwandani, kabla cherehani hazijaanza kulia, huyo hamjamsikia. Daktari amenipa siku chache, na alipozitaja alinong'ona, akadhani masikio yangu yameziba kama macho. Masikio ni mazima. Macho ndiyo yanayoona vivuli tu: kivuli kirefu pale dirishani ni mzaliwa wangu wa kwanza, binti yangu, amekunja mikono kama kawaida yake, kile chenye harufu ya mafuta ya mashine ni wa pili, fundi wetu wa cherehani, na huyu anayevuta kamasi ni kitinda mimba, anayesomea uchungaji, na sijui atazikaje watu wa wenzake ikiwa analia kabla mahubiri hayajaanza.

Nianze na mepesi. Nimezoea kuanza na mepesi ili nichelewe kufika kwenye mazito, ndivyo nilivyoishi, lakini leo nitafika. Nyumba ni yenu nyote watatu, na chumba cha uani ni cha shangazi yenu mpaka naye atakapoitwa. Asiwepo wa kumwambia ahame ati wageni wanakuja. Cherehani yangu ya miguu, ile nyeusi niliyoanzia kazi, achukue wa pili, kwa kuwa ndiye pekee anayejua inapoumwa. Gauni la jirani yetu muuza mkaa liko kwenye kikapu, limebaki pindo tu, limalizeni leo kwa mkono, si kwa mashine. Na yule seremala wa ukuta wa pili, ambaye vumbi la mbao zake limenichafulia vitambaa vyeupe na mimi nikamshitaki mara mbili, mwendeeni mkamwambie nimemsamehe. Halafu, kabla hajajibu, mwambieni na yeye anisamehe, kwa maana mara ile ya pili vumbi halikuwa lake, lilikuwa letu, ni sisi tuliokuwa tumebomoa dari. Mnacheka. Chekeni tu, hilo ndilo dogo. Lakini mlione lilivyo, kwa sababu ni mtoto wa lile kubwa, na sura zao zinafanana.

Sasa wekeni mikono yenu mezani.

Ninyi mafundi mliokuja juzi mmeikuta desturi ya meza hii, na mmesikia sifa zake mitaani, lakini hamjui ilikoanzia. Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu, tuna cherehani mbili na veranda ya kupanga, na meza hii tuliichongesha kwa mbao za kitanda cha marehemu mama yake. Yeye alikuwa mkataji, mimi mshonaji. Alikuwa hatumii futi. Alikuwa anafungua kiganja, kidole gumba hapa, kidole cha mwisho kule, shubiri moja, shubiri mbili, vidole vyake vikitembea juu ya kitambaa mpaka anamaliza, naye hakosei hata upana wa uzi. Ndiyo maana tulimwita Shubiri. Shubiri ya kupimia, si ile dawa chungu, ingawa chungu nimeionja mimi kwa miaka yote hii, na nimeichuma kwa mkono wangu. Mnayemjua ninyi ni Bi Kushoto, yule mzee anayetia viraka kwenye kona ya soko. Ndiye huyohuyo. Ngojeni, nitafika.

Yeye ndiye aliyeanzisha desturi, si mimi. Siku moja alikata kola fupi, akaja mezani kabla ya sala, akaweka viganja vyake viwili juu ya mbao akasema, "Nimeharibu." Neno moja tu, bila kisingizio na bila kulaumu kitambaa. Nami nikajibu lililonijia mdomoni, "Tutashona." Tukasali, tukashona, kola ikawa kola. Tangu siku hiyo, kila aliyeharibu jana husema leo, mezani, kabla ya sala, na wote hujibu "Tutashona," na likishajibiwa hilo hairuhusiwi mtu kulitaja tena kosa lile, awe kiongozi, awe mfagiaji. Ndipo tulipokua. Watu wa kanisa walipokuja kutuuliza siri ya kiwanda chetu, nilikuwa nawaambia kwamba Bwana wetu alipotaka kuwafundisha wanafunzi wake uongozi hakuchukua fimbo, alichukua beseni na taulo akapiga magoti, na sisi tumejaribu kupiga magoti kwa namna yetu. Nilisema vizuri sana. Kusema sikuwahi kushindwa.

Nipeni maji. Kidogo tu.

Mwaka ule tulipewa kazi ya majoho arobaini ya kwaya, ya kuzindulia kanisa jipya. Kitambaa chenyewe kilikuwa cha rangi ya zambarau, kina uso na kina nyuma; usoni kinang'aa, nyuma kimefifia, huwezi kugeuza ukamdanganya mtu. Jumatatu ile Shubiri aliomba ruhusa ya mchana, ampeleke mama mkwe wake kliniki, akasema, "Dada, mikono usiikate, nitaikata kesho mwenyewe." Mikono ya joho, alimaanisha. Mimi nikaudhika. Nilikuwa nimeteuliwa kugombea uenyekiti wa baraza la wazee wa kanisa, mwanamke wa kwanza, kura ilikuwa Jumapili inayofuata, na nilijiona mtu wa kuamriwa na Mungu peke yake. Mimi niambiwe nisikate, kwenye meza yangu? Alipotoka, na wengine wamekwenda kula, nikatandika jora.

Kila mkataji anajua kwamba ukitaka mikono ya kulia na ya kushoto kwa mkato mmoja unatandika kitambaa uso kwa uso, hiki kinamtazama kile, kama watu wawili wanaosalimiana. Mimi nilitandika uso juu, uso juu, tabaka juu ya tabaka, kwa haraka na kwa kiburi, nikachora kwa chaki, nikakata. Mikono themanini. Nikaifunga vizuri kwa utepe, nikaiweka kwenye rafu ya Shubiri, na nikafurahi moyoni kwamba kesho atakuta kazi imekwisha na ataona kumbe dunia haimsubiri yeye.

Kesho yake asubuhi wageni walikuja. Mchungaji na wazee wanne walitaka kushuhudia sala ya meza yetu waliyoisikia. Walisimama pale, upande ule wa pasi, wamevaa suti, mafundi wamejaa, na mimi hapa kichwani pa meza. Tulikuwa bado hatujaanza. Mshonaji mmoja, mwenye mikono myepesi, alikuwa amewahi kufika na kushona joho la kwanza ili wageni walione, akalivaa. Mkono wa kushoto ulikaa sawa. Wa kulia ulijipinda nyuma kama mtu anayejikuna mgongoni. Akavua, akachukua mkono mwingine kwenye fungu, akachukua mwingine, halafu akasema kwa sauti ndogo ambayo naisikia hata nikiwa usingizini: "Mama, mikono yote ni ya kushoto."

Wanangu, pale ndipo nilipotakiwa kuweka viganja mezani. Neno lenyewe mnalijua, ni moja tu. Nililifundisha kwa watu mia. Likafika hapa kooni, nikaona zile suti, nikaiona kura ya Jumapili, nikalimeza.

Watu wote wakamgeukia mkataji. Shubiri akachukua mkono mmoja, akautazama ukingoni. Nami nilijua anachokitazama: chaki. Yeye chaki yake ilikuwa nyembamba kama unywele, mimi nakandamiza. Akaitazama ile chaki nene, akaniinulia macho. Alikuwa ananipa nafasi, na aliningoja. Sijui aliningoja kwa muda gani; pasi iliyokuwa kwenye jiko la mkaa ilianza kunuka. Na aliponiona nimeinamisha kichwa kama mtu anayesali, akaweka viganja vyake mezani, mbele ya mchungaji na wazee na mafundi, akasema yeye, "Nimeharibu."

Alinisitiri. Rafiki yangu wa chanda na pete alichukua aibu yangu akaivaa. Na nawaambia hata hapo nilikuwa bado naweza kupona. Ningejibu "Tutashona," tukasali, halafu nikamfuata pembeni nikamlilia. Lakini wale wageni walikuwa wananitazama waone kiongozi atafanya nini, na mimi nikawaonyesha. Nikahubiri. Nikasema juu ya mtumwa asiyekuwa mwaminifu katika lililo dogo. Nikasema kanisa la Mungu haliwezi kuvaa uzembe. Nikasema kwangu hakuna upendeleo, hata awe nani, nikamvua mkasi mbele ya watu na kumpeleka kushona vifungo. Na ile "Tutashona" haikusemwa. Mafundi walisubiri nianze, mimi sikuanza, basi ikabaki hewani mpaka leo.

Yule liwali aliyeomba maji akanawa mikono mbele ya umati, angalau mkewe alijua, hata akamtumia neno la kumwonya. Mimi sikumwambia mtu. Baba yenu alikufa hajui.

Mnajua kilichofuata? Jumapili nilichaguliwa. Mzee mmoja alisimama kanisani akasema, "Huyu mama tumemshuhudia, hata rafiki yake kipenzi hakumwonea haya, huyu ndiye mwenye haki." Watu wakapiga makofi. Kile kibao cha shaba ukutani nyuma yenu, kilichoandikwa "Kwa kiongozi mwenye haki", mnachokipangusa kila Ijumaa, kimetoka hapo. Miaka kumi na minane nimekalia kiti kile, nimesuluhisha ndoa za watu, nimewatoza watu toba, na kiti chenyewe nilikipata kwa kumtoa mtu kafara. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Mimi fundi cherehani nimeishi nacho ndani ya mshono.

Shubiri alishona vifungo wiki tatu. Hakununa. Kila asubuhi alikuwa anasimama mezani upande ule wa mbali, ananitazama kabla ya sala, ananingoja. Nilianza kusali macho yakiwa yamefumbwa kabla sijafika mezani. Siku ya mwisho wa wiki ya tatu alimaliza kifungo, akakata uzi kwa meno, akaja mezani akaanza kuipima kwa kiganja, kutoka kule mwisho hadi hapa nilipo. Vidole vyake tuk, tuk, tuk. Nikamuuliza, "Unapima nini?" Akasema, "Meza yetu. Ni shubiri kumi na tatu. Nataka niikumbuke." Akatoka. Sikumfuata. Nilijiambia nitamfuata kesho, na mnajua kesho ilivyo, haina mwisho wake.

Jina la Bi Kushoto lilizaliwa humu ndani. Mafundi walianza kwa utani, likatoka nje, likafika kanisani, likafika sokoni. Hakuna aliyempa kitambaa kipya akate tena, ndiyo maana amezeeka kwenye viraka. Na ninyi wanangu mlimwita hivyo mkiwa wadogo, mkimwigiza mkono uliojipinda, hapo uani kwangu, na mimi nilikuwa dirishani. Ningewakataza mngeniuliza kwa nini. Nikacheka.

Ah. Niinueni kidogo. Hapo, mto.

Kanisani alihama benchi la mbele tulilokaa pamoja, akakaa la mwisho karibu na mlango. Kila tulipoitwa kwenye Meza ya Bwana alikuwa anapanga mstari nyuma kabisa, na mimi mbele, mzee wa kanisa, nimeshika kikombe. Tumeagizwa kwamba ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, uache sadaka yako hapohapo uende mkapatane kwanza. Nimelisoma agizo hilo madhabahuni kwa sauti. Na nimempa kikombe kwa mkono huu. Alikuwa anakipokea, anasema "Amina," macho yake kwenye kikombe. Mwanangu, wewe unayesomea uchungaji, kumbuka hivi siku utakapovaa kola: inawezekana kabisa kusema maneno yote ya Mungu kwa usahihi, bila kuruka nukta, na yasikuguse hata ukucha. Mimi nimeweza.

Mwezi uliopita ugonjwa uliponizidi, nilimtuma huyuhuyu kitinda mimba aende akamwite Shubiri aje chumbani kwangu. Nilitaka tuongee wawili, tulie wawili, yaishe kimyakimya, nife nikiwa bado mama wa haki. Mnaona? Hata toba nilitaka kuitandika uso juu. Akarudi na jibu, akaogopa kulisema, nikamlazimisha. Alisema hivi: "Mwambie mama yako mimi simdai machozi. Aliponisimamisha ndipo aseme." Nililala na jibu hilo kwa wiki nzima, kwanza nikikasirika, nasema kumbe naye ni mgumu, kumbe hana huruma na mtu anayekufa. Halafu hasira ikaisha, nikabaki na jibu peke yake, na lilikuwa la haki. Ndiyo maana mmenibeba. Jana nimempelekea habari kwamba leo nitasema mezani. Kuja au kutokuja ni juu yake, na asipokuja msimnenee vibaya. Muda alioningoja yeye ni mrefu kuliko huu.

Binti yangu, fungua mikono yako, nakuona umeikunja. Kiwanda nakuachia wewe uongoze, hilo kila mtu analijua, na kazi unaijua kuliko mimi. Lakini nimekusikia wiki zile za mwanzo za ugonjwa wangu, kupitia ukuta wa chumba changu unaopakana na hapa. Mtu akisema "Nimeharibu," unajibu "Tutashona," halafu unaongeza, "lakini mwangalie." Hiyo "lakini" ing'oe. Ni uzi mmoja tu umetokeza, ukiuvuta nguo yote inafumuka. Na jambo la pili: katika mwaka mzima sijasikia wewe mwenyewe ukisema "Nimeharibu" hata mara moja. Mwaka mzima, mwanangu? Ama wewe ni malaika, na malaika hawatoi harufu ya jasho, ama umeanza ugonjwa wangu. Kiongozi asiyewahi kuharibu, jua kuna mtu anayeharibiwa kwa niaba yake. Mtafute huyo mtu mapema, yuko karibu yako, ndiye anayekutazama kabla ya sala.

Na wewe wa pili, usicheke dada yako, maana wewe kila kitu ni mashine, mashine imeharibu, mashine imekata uzi. Nyani haoni kundule. Mashine haina kiganja cha kuweka mezani. Unacho wewe.

Msiogope kwamba mkikiri mtadharauliwa. Niliogopa hivyo nami, na nimekuja kuona kuwa heshima ya kiongozi haipungui anaposema nimekosa, hupungua pale kila mtu anapojua na yeye ndiye pekee asiyesema. Mshonaji yule aliyevaa joho alijua. Alikuwa ameona chaki. Alifanya kazi kwangu miaka sita tena, akiniita mama, na hakuniamini hata siku moja. Aliniambia mwenyewe siku ya kuniaga. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kimeniumbua kidogokidogo, nikiwa bado natembea.

Sasa maagizo, na msikilize vizuri, sauti inaniishia.

Nusu ya kiwanda hiki ni ya Shubiri. Sisemi nampa, kwa sababu ilikuwa yake tangu kwenye veranda. Karatasi nimeshatia sahihi, wakili anazo, msije mkajifanya hamkusikia. Mkasi mkubwa ni wake. Akitaka kuutumia autumie, akitaka kuutupa mtoni autupe. Kichwani pa meza, hapa nilipo, asisimame mtu mpaka yeye aseme nani asimame.

Kile kibao cha shaba kiteremsheni leo. Msikivunje, kipelekeni kwa mchungaji, na wewe kitinda mimba usimame kanisani Jumapili hii, kwenye mimbari ileile niliyosifiwa, useme yote niliyosema hapa. Usilainishe. Usiseme "mama aliteleza." Sikuteleza, nilikata. Na jina la Bi Kushoto likomee hapa. Atakayelitamka tena katika nyumba yangu amenitukana mimi.

Kwenye sanduku, chini ya mashuka, kuna joho la zambarau. Ni lile la kwanza. Nililificha, nikawaambia watu nimelichoma. Mnizike nalo. Binti yangu, usinitengenezee mkono wa kulia, najua vidole vyako vinavyowasha ukiona kitu hakijakaa sawa, uache ulivyo. Nataka Mola wangu anione nimevaa nilichokikata. Kuna kulia kwake na kuna kushoto kwake, na kondoo na mbuzi anawajua yeye. Mimi sina cha kumweleza isipokuwa kwamba nimekuja na mikono miwili ya kushoto, na namtegemea Yule aliyevaa aibu isiyokuwa yake. Nilionyeshwa mfano wake mezani kwangu na nikauhubiria hukumu.

Maji. Hapana, acha. Acha tu.

Sogeeni niwaguse. Mungu awape kiganja chepesi cha kuweka mezani. Awape watu wa kuwaambia ukweli, na awanyime wa kuwapigia makofi. Mkipewa watu wa kuongoza, awafanye mle baada yao, mkae chini yao, na mkosee mbele yao. Mpendane. Mpendane hata mkigombania nyumba, najua mtagombania, lakini shangazi yenu... chumba cha uani... nimeshasema. Nawabariki wote watatu. Ninyi mafundi nawabariki pia, kila mmoja kwa... kwa sindano yake.

Viganja mezani. Na mimi nisaidieni, huu wa kushoto umekufa, uinueni. Hapo. Mbao ni baridi.

Nimeharibu.

Hapana, nyamazeni, msinijibu. Nimewasikia, nawashukuru, lakini si ninyi niliowaharibia, na jibu hilo hamna haki nalo. Tungoje. Nilimngojesha, acheni na mimi ningoje.

...

Nani amefungua mlango? Nimesikia bawaba. Mbona hamsemi? Ni upepo?

Tulieni. Tulieni nisikie. Kuna... kuna mtu anagusa meza, kule mwisho. Tuk. Ni vidole. Binti yangu, usiniambie ni nani, niache nihesabu. Nne. Tano. Anatembea polepole siku hizi. Saba. Mpisheni, wanangu, mnambana. Tisa. Kumi.

Kumi na moja.

Dada, usiseme kitu bado, nina pumzi ya neno moja tu, na ni lako. Kumi na mbili.

Nimeharibu.